Fulana za Mwanangu Gavana

Jumamosi, 17 Oktoba

Mahamri yameumuka vizuri leo. Nimekaanga, nimekula mawili, nikatoka. Wateja wawili wa Mombasa wataka madera. Nimewapeleka Kangle, mtaa wa viwanda vya nguo. Wavivu. Wataka bei ya chini na kiti cha kukalia. Laoban, yule mama bosi wa kiwanda, nimemwambia "tai gui", ghali mno, mpaka akashuka. Hushuka kila mara. Ananijua.

Mwanangu Athmani amepiga simu. Yuaja. Ati aja kuona maonyesho ya biashara ya Pazhou, pampu za maji. Mchujo wa chama ni Aprili, naibu wake azunguka wadi kwa wadi akiitaka tiketi, na yeye Gavana aja China kutazama pampu. Nimemwambia aje na pilipili za kwetu na ubani.

Rukia alikuwa jikoni akisikiliza. Ni binti wa Athmani, ndiye anisaidiaye kazi huku. Msichana huyu akinyamaza kuna kitu amekifunika.

Jumanne, 20 Oktoba

Amefika. Amekonda. Suti yaning'inia kama imetundikwa msumarini. Amekuja na vijana wawili, mmoja wa kubeba mkoba, mwingine wa kubeba simu. Nimewafukuza wakalale hotelini. Kwangu mtu hubeba simu yake mwenyewe.

Amekula sana. Nimemuuliza, utasimama muhula wa pili? Asema, "Mama, bado nafikiria." Afikiria. Babake naye alifikiria kununua kiwanja karibu na stesheni. Akafikiria mpaka wenziwe wakajenga na kupaka rangi.

Hapa Xiaobei, mtaa wetu Waafrika, mimi ni Mama Gavana. Watanzania waniita hivyo, Wakenya waniita hivyo, Wakongo waniita hivyo kwa Kifaransa chao. Nikiingia dukani kwa kinyozi mtu huinuka kwenye kiti. Mwanamke niliyesoma gumbaru, uzeeni, kwenye dawati la watoto. Sikuja kuzeeka huku niitwe mama wa aliyekuwa.

Alhamisi, 22 Oktoba

Amekwenda Pazhou, amerudi kabla ya adhuhuri. Ati miguu yauma. Amelala sebuleni mdomo wazi.

Shoga yangu wa kule nyumbani amenitumia habari. Tsuma asema hadharani kwamba walikubaliana, muhula mmoja mmoja, na sasa ni zamu yake. Tsuma ndiye naibu. Mtoto wa mgema. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, chaki kwenye kucha. Uchaguzi uliopita alikuwa akimbebea mwanangu mwavuli.

Nimemwamsha Athmani, nimemuuliza. Hakukataa. "Tulipeana mikono, Mama, mbele ya wazee wa chama."

Nikamwambia mkono huoshwa.

"Wazee walishuhudia."

Nikamwambia wazee hufa.

Amegeuka ukutani akajifunika shuka. Mtu mzima, ana mvi.

Jumatatu, 26 Oktoba

Nimekwenda Kangle peke yangu kuulizia fulana za kampeni. Mwana asiyeamua, mama humwamulia. Kangle ndiko kunakojulikana nani atasimama, kabla ya mpiga kura kujua. Bara zima la Afrika hushonewa fulana pale. Marais wamelundikwa sakafuni, wake zao juu yao, na paka alala juu ya wote. Mwanasiasa aweza kusema hajaamua, lakini akishaagiza fulana ameamua.

Laoban aliponiona akacheka, akavuta robota, akalikata kamba. Mzigo wenu tayari, aonyesha kwa mikono. Fulana za zambarau, rangi ya chama chetu hasa, zambarau ya biringani. Kifuani uso. Nikavaa miwani.

Tsuma. Anacheka na meno yote.

Nimekaa juu ya jora la kitambaa. Laoban ameniletea maji moto. Watu hawa hukupa maji moto kwa kila kitu, hata ukifiwa.

Nimemuuliza nani ameagiza. Akanionyesha picha kwenye simu yake. Rukia.

Nimefika nyumbani nimemshika sikio. Ni mwanamke mzima, nimelivuta vilevile. Amelia kisha amesema. "Ni Baba aliyeniagiza, Bibi. Ni zawadi yake kwa Tsuma, amwachie kiti kwa wema. Hakuja kuona pampu. Amekuja kukwambia anaondoka. Anakuogopa."

Wiki nzima ala chakula changu na hathubutu kufungua mdomo. Gavana mwenye polisi mbele na nyuma. Vizuri. Mtu mwenye woga atumika.

Jumanne, 27 Oktoba

Amesema yote leo, baada ya chai. Kachoka. Sukari imepanda, presha imepanda. Ataka kwenda kulima mikorosho ya babu yake. Neno alilotoa ni neno. Alikuwa akisema huku akiangalia kikombe.

Nimemwacha amalize. Nikamwambia nimezaa watoto wanne, watatu wakafa, nikabakiziwa huyu. Na leo naona kifo kilikosea kuchagua.

Kikombe amekiweka chini polepole. Ameniangalia kama alivyokuwa akiniangalia udogoni, nikimkamata na sukari mdomoni.

Rukia ametoka chumbani, ananitazama kama nimeua mtu. Atazame. Nimesema na sirudishi. Asiyeambiwa na mamake ataambiwa na nani?

Ijumaa, 30 Oktoba

Nimempata.

Nimealika watu baada ya sala ya Ijumaa. Pilau, kachumbari, ndizi. Athmani nimemwambia ni dua ya safari, afike salama. Amefurahi maskini, amevaa kanzu nyeupe na kofia ya vito. Sheikh wetu ni mfanyabiashara wa Unguja, auza viatu siku sita na siku ya saba atusomea. Sebule imejaa hadi mlangoni.

Watu walipoinua mikono nikasema kutoka upande wa wanawake, kwa sauti, "Sheikh, utusomee Fatiha na nia ya mwanangu kugombea muhula wa pili, Mungu amfungulie."

Mikono ilikuwa juu tayari. Ataishusha vipi? Kwetu pwani Fatiha ikishasomwa imesomwa. Binti akisomewa Fatiha kwa mtu, huyo ni mke wa mtu, hata harusi iwe mwakani. Anayerudi nyuma hapewi salamu.

Sheikh amesoma. Watu wameitika amin. Nilikuwa nikiutazama mdomo wa Athmani. Ulichezacheza. Nimeuhesabu kuwa amin.

Wanawake wakapiga vigelegele. Kijana wa simu akapiga picha akazituma, na pilau haijapoa kaunti nzima ikajua. Simu ya Athmani ikalia. Tsuma. Ikalia mpaka ikanyamaza. Mwanangu alikuwa na tonge mkononi, hakulila wala hakulirudisha.

Rukia ameosha sahani. Moja imevunjika. Haikuteleza ile.

Jumapili, 1 Novemba

Ameondoka. Uwanja wa ndege amenibusu mkono. "Umeshinda, Mama." Nikamwambia mshindi ni yeye, mimi nani. Hakugeuka nyuma kupunga.

Mzigo wa Tsuma nimemwambia laoban auzuie. Usitoke hapo.

Jumatano, 6 Januari

Mwezi mzima namwomba Athmani picha ya kuchapa. Leo ndiyo ameleta. Aijua kazi hii, ajua meli ina siku zake. Ni kuburura miguu kusudi, kama mtoto asiyetaka chuo cha Kurani.

Nimekimbia sokoni kutafuta kitambaa. Zambarau ya biringani mei you, hakuna. Duka la pili mei you. Iliyopo yaelekea bluu, na bluu ni rangi ya wapinzani, tutachekwa. Na mafundi wa Kangle wafunga virago kwenda kwao kwa mwaka mpya wa Kichina. Wakishakwenda, Kangle hupati hata mtu wa kutia kifungo. Wakirudi, fulana zitafika mchujo umepita.

Nimekaa juu ya jora lile lile nikifikiri. Mbele yangu marobota ya Tsuma. Zambarau sawasawa. Zimeshonwa, zimepigwa pasi, kila saizi.

Nimemwambia laoban, mfunike. Piga rangi nyeupe juu ya uso huu, kisha mchape mwanangu juu yake.

Ametikisa kichwa. "Bu xing," haifai. Akachukua kipande cha majaribio, akakikwaruza kwa ukucha kunionyesha. Nikamwambia mimi ndiye mteja. Amenitolea simu niseme humo kwa sauti kwamba nimekubali mwenyewe. Nimesema. Kwa Kiswahili, kwa kituo, na jina langu.

Rukia akasema njiani, "Bibi, itabanduka."

Nikamwambia atabanduka yeye kwanza.

Ijumaa, 22 Januari

Zimekwisha. Mwanangu amekaa kifuani mnene, mgumu kidogo kama plastiki, lakini amependeza. Ameneneshwa mashavu. Ndivyo anavyopaswa kuwa. Tsuma yuko chini yake gizani, na apumue huko kama aweza.

Mzigo umeingia kwenye kontena. Nimesimama mpaka mlango ukafungwa.

Jumamosi, 13 Machi

Zimegawiwa kwenye baraza la Idi. Nimeletewa picha. Uwanja mzima zambarau, mwanangu kwenye kila kifua, wanawake wamezivaa juu ya madera, wazee juu ya kanzu. Nimemwonyesha kinyozi, mwenye mgahawa, nimemwonyesha hadi mlinzi wa jengo letu, akasema "hao, hao", nzuri nzuri.

Tsuma azunguka na shati lake la kitenge na spika moja juu ya gari bovu. Nasikia aeleza watu habari za neno na ahadi. Neno halivaliwi kifuani.

Athmani nimempigia kumpongeza. Akasema, "Sawa, Mama." Nikamuuliza mbona sauti ndogo. Akasema tena, "Sawa, Mama."

Jumapili, 11 Aprili

Nitaandika yote.

Jana ilikuwa mkutano wake mkubwa wa mwisho. Mvua za masika zimeanza kule. Ikanyesha ikawarowesha watu, kisha jua kali likatoka. Video imezagaa kila mahali. Nimeitazama kwenye simu ya Rukia.

Mwanangu amesimama juu ya gari, kipaza sauti mkononi, azungumza kuhusu barabara. Mbele kabisa kuna mwanamume mmoja anajikuna kifua. Ajikuna, kisha aanza kuvuta, kama mtu anayemenya kiazi kilichochemshwa. Pua ya Athmani ikatoka yote. Akavuta shavu. Chini yake meno. Tsuma acheka.

Akamwonyesha jirani yake. Jirani akabandua wake. Kisha uwanja mzima. Vichwa vimeinama, vidole vyafanya kazi, wabanduana wao kwa wao migongoni kwa vicheko. Waliviringa uso wa mwanangu kama ubani wa kutafuna wakamtupia huko juu ya gari. Wanawake wakaanza wimbo, wale wale wampigiao vigelegele mikutanoni.

Vua, vua, mwenyewe yu ndani.

Yeye aendelea na barabara. Hajaona. Sentensi tatu nzima bado aendelea. Kisha akaona. Akainua mkono akajishika uso, hivi, kama mtu atafutaye kama bado upo.

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Kikatoa neno moja tu, "Mama."

Uwanja ukaangua kicheko mpaka picha ikatikisika.

Nimemwambia Rukia azime. Laoban mwizi. Rangi ya kopo bovu hiyo.

Jumatatu, 12 Aprili

Nimekwenda Kangle kumgombeza. Hakubishana. Amenifungulia simu yake. Sauti yangu ikatoka, kwa Kiswahili, kwa kituo, na jina langu.

Kisha akaniletea maji moto. Sikuyanywa.

Kwa kinyozi hakuna aliyeinuka. Mkongo mmoja alikuwa akibandua stika kwenye kioo cha duka, polepole, akinitazama. Wote waliangalia chini mabega yakiwatikisika. Sasa nasikia naitwa Mama Bandua. Mbwa hawa. Nimewalisha mahamri miaka mingapi?

Alhamisi, 22 Aprili

Mchujo umepita. Ameanguka. Hata wadi yetu, hata kituo cha kura kilicho mlangoni kwetu, ambako watu walikuwa wakichota maji kwenye kisima cha marehemu mume wangu. Wamenywa maji, wamevaa fulana, wamempa kura Tsuma.

Wasema vijana walimzomea hata alipotoka kupiga kura yake mwenyewe. Mkewe ameshinda ndani. Kibao cha jina lake barabarani kimepakwa rangi nyeupe.

Rukia amefunga sanduku. Aenda kwa babake. Amesimama mlangoni na viatu mguuni akaniambia, "Alikuwa ameshajitoa kwa heshima, Bibi. Wewe ndiye uliyemrudisha akavuliwe nguo mbele ya watu."

Nimemwambia hana fadhila, kama mamake. Nimemwambia afunge mlango, baridi laingia.

Hakukuwa na baridi.

Jumapili, 2 Mei

Nimempigia Athmani. Hakushika.

Jumatano, 5 Mei

Hakushika.

Jumatatu, 10 Mei

Rukia ameandika ujumbe mfupi. Babake yuko shambani kwenye mikorosho. Analala vizuri, sukari imeshuka. Nimemuuliza, ameniulizia? Amesoma. Nimeona amesoma. Hajajibu.

Nimekaanga mahamri yakabaki. Sijui kukanda machache.

Jumanne, 18 Mei

Mvua tangu alfajiri. Simu imelia ujumbe wa sauti, nikaacha kila kitu nikaishika na unga mkononi. Si yeye. Tsuma.

"Shikamoo, Mama. Hujambo huko ugenini? Uchaguzi wenyewe ni Agosti, nataka fulana. Zambarau ile ile, hakuna aijuaye kuliko wewe. Ila safari hii, Mama yangu, uso mmoja tu."

Nimesikiliza tena, nikingojea acheke mwishoni. Hakucheka. Mwalimu, ajua pa kunyamaza.

Tangu mchujo, hakuna mwanamume wa kwetu aliyenipa shikamoo ila huyu mtoto wa mgema. Shikamoo ina jibu lake, nalo ni moja. Nimebonyeza nikasema marahaba. Nikamwambia atume picha mapema, asinicheleweshe.

Akimpa mwingine zitaharibiwa. Rangi ile waijua wachache.

Kangle kulikuwa kimya kwa ajili ya mvua. Kitambaa kimepatikana, biringani hasa. Laoban amechapa moja ya majaribio nikisubiri. Ameniletea maji moto. Leo nimekunywa.

Fulana ameitandaza mezani, nami nikavaa miwani. Meno yote, kama kawaida yake. Nimekwaruza kidevuni kwa ukucha. Nikakwaruza kwenye paji la uso. Nikairowesha kwa maji ya kikombe, nikangoja, nikakwaruza tena.

Haibanduki.

Nimemwambia aendelee.